Chuchu inayochubuka upande mmoja: msikubali krimu ya tatu

Dada, umesema chuchu ya kushoto ya mama inawasha na kuchubuka mwezi wa tano sasa, na zahanati imeshampa krimu mara mbili. Ya tatu msiipokee. Aombe kukatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha ngozi ya chuchu kikapimwe maabara.

Huenda ni ukurutu tu. Ila ukurutu mara nyingi hushika matiti yote mawili na huanzia kwenye duara jeusi linalozunguka chuchu. Ugonjwa wa Paget, saratani aliyoieleza daktari James Paget wa London mwaka 1874, huanzia kwenye chuchu yenyewe, upande mmoja, ndipo utambae nje: magamba, kidonda kibichi, majimaji yanayogandisha sidiria, pengine damu. Kwenye ngozi yetu wekundu hujificha, kwa hiyo tazameni gamba linalobanduka na kurudi palepale. Krimu ya steroidi inaweza kutuliza muwasho kwa muda, na hapo ndipo miezi inapopotea.

Kinyama hukatwa kwa ganzi ya sindano: kipande cha mm 3 au 4, unene wote wa ngozi, kwenye chuchu penyewe palipougua. Kukwangua gamba tu kunaweza kukosa seli za saratani. Mkikabidhiwa kopo mlipeleke maabara wenyewe, hakikisheni lina formalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10, angalau mara kumi ya ujazo wa kipande. Maji ya chumvi hayahifadhi kinyama. Kikiharibika, vipimo vya ER na PR (vipokezi vya homoni) na HER2 (protini inayokuza saratani) havitaaminika, na dawa huchaguliwa kwa vipimo hivyo.

Mammografia (eksirei ya titi) ya matiti yote mawili na altrasaundi hadi kwapani ni lazima hata kama hakuna uvimbe, maana wagonjwa wengi wana saratani nyingine ndani ya titi hilohilo. Mammografia ikiwa safi na kinyama kikaonyesha Paget, ulizeni MRI, picha ya mashine ya sumaku.

Ugonjwa ukiwa nyuma ya chuchu tu, huondolewa chuchu, duara na nyama ya nyuma yake, kisha mionzi, ambayo hutolewa Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam. Ukiwa umetapakaa, titi zima. Saratani iliyopenya ndani ya nyama ya titi yenye HER2 nyingi hutibiwa kwa trastuzumab, dawa inayolenga HER2, kila wiki tatu, kwa kawaida mwaka mzima, na moyo hupimwa kwanza. Yenye ER hupewa vidonge vya homoni, mfano tamoksifeni mg 20 kwa siku.

Mama aende na krimu zote alizopaka. Na kwenye fomu ya maabara daktari aandike wazi kwamba anashuku Paget. Fomu ikisema "kidonda cha ngozi" tu, anayesoma slaidi hajui anatafuta nini.