Re: Kubadilisha linki za http ziwe https kwenye docs

Mkuu, umeuliza kama unaweza kupiga sed moja (amri ya kubadilisha maandishi kwenye mafaili) ibadilishe kila http:// kuwa https:// kwenye docs (nyaraka) zote za projekti. Usifanye hivyo aisee. Mimi nilishafanya, ikoni zote za svg (picha zinazoandikwa kwa kodi) zikagoma kuonekana, nikahangaika nusu siku nzima kumbe nimegusa xmlns="http://www.w3.org/2000/svg". Ile siyo linki, ni jina tu, brauza haiendi kuifungua, ukiongeza hiyo s linakuwa jina lingine na picha haichorwi. Pom.xml, faili la mipangilio la Maven (zana ya kujenga programu za Java), nayo ina la hivyo hivyo, http://maven.apache.org/POM/4.0.0, liache lilivyo, na http://localhost (yaani kompyuta yako mwenyewe) kwenye mifano pia iache.

Anza na grep -rn "http://" docs/ uone ziko ngapi, halafu kila domeni ijaribu na https kwa curl -I (inauliza seva bila kushusha ukurasa wenyewe). Ikirudi 200 (inafunguka sawa) badilisha, ikirudi 301 (imehamishwa) fuata inakokupeleka uandike anwani ya mwisho, cheti cha https kikigoma iweke pembeni kwanza.

Ila zile za kudaunlodi na mistari ya curl inayomalizikia na | sh (yaani inashusha skripti na kuiran papo hapo) zibadilishe leo leo, maana mtu akiwa kwenye wifi ya hoteli kuna anayeweza kumbadilishia faili njiani na yeye anairan bila kujua. Maven Central wenyewe (hazina ya laibrari za Java) walishakata http tangu Januari 2020, kwa hiyo kama docs zenu bado zina anwani ya repo (hazina) hiyo kwa http, mgeni anakwama hatua ya kwanza tu.

Komiti (furushi la mabadiliko unalohifadhi kwenye git) iwe ya linki peke yake, anayekagua asitafute s katikati ya aya mpya.