Re: Kwa nini Marekani hawaweki ukomo wa umri kwa wabunge?

Mkuu, umeuliza kwa nini wasipitishe tu sheria ya kuwastaafisha wazee bungeni. Kuna jimbo limeshajaribu. Juni 2024 wapigakura wa North Dakota walikubali kwamba mtu atakayefikisha miaka 81 kufikia mwisho wa mwaka unaotangulia ule ambao muhula wake unaisha asigombee Bunge la Marekani. Kura ya ndiyo ilishinda kwa mbali.

Ila kuna kikwazo. Katiba yao imetaja umri wa chini tu, miaka 25 kwa Baraza la Wawakilishi na 30 kwa Seneti, na mwaka 1995 Mahakama ya Juu iliamua kuwa majimbo hayana mamlaka ya kuongeza masharti mengine. Kwa hiyo kanuni ya North Dakota ikipelekwa mahakamani, sioni itaponaje. Njia ya uhakika ni kubadili Katiba: theluthi mbili ya kura katika Baraza la Wawakilishi na katika Seneti, kisha robo tatu ya majimbo yakubali. Sasa nani atapiga kura ya kujifukuza kazi?

Hoja yako naielewa lakini. Mwaka 2023 Seneta Dianne Feinstein, akiwa na miaka 89, aliugua mkanda wa jeshi akakosekana miezi kadhaa, na uthibitishaji wa baadhi ya majaji ukakwama kwa sababu kura yake ilihitajika kwenye kamati ya Seneti inayowapitisha kwanza. Alifariki Septemba mwaka huohuo akiwa bado seneta.

Binafsi ningeanza na utaratibu wa kumpata mbadala haraka mjumbe wa kamati anapougua. Hata kijana wa miaka 40 huugua.