Kabla Hujashika Titi, Kaa Utazame

Wewe unayeanza wodi ya wazazi, haitapita zamu hujaitwa kitandani: "Sista, maziwa hayatoki." Ukijibu "mnyonyeshe tu, yatatoka" na kupita, umempoteza mama huyo. Mimi hapa Mwanza nilijibu hivyo miezi mingi.

Vuta kiti. Mwambie ampe titi kama anavyompa siku zote, wewe tazama bila kugusa kitu. Wengi utawakuta wameinama kumfuata mtoto kama wanachota maji ziwani, na mtoto kalala chali, shingo imepinda. Huyo anakamata chuchu tu; ndipo michubuko inapoanza, na maziwa anayapata kwa shida. Mgeuze, tumbo lake liguse la mama, sikio, bega na nyonga vikae mstari mmoja, chuchu ielekee puani. Atainua uso na kuachama kama anapiga miayo. Hapo mama amlete upesi, kidevu kikitangulia. Ukisikia anameza taratibu, amekamata. Ukisikia "nch, nch" na mashavu yanabonyea, bado. Mama apitishe kidole kisafi pembeni ya mdomo, amtoe, aanze upya. Asimvute, atajichana.

Kosa langu kubwa lilikuwa kusukuma kisogo. Usiku mmoja, mzazi wa kwanza kutoka visiwani, mtoto analia, vitanda vinaniita. Nikashika kichwa nikakibana kwenye titi. Mtoto akajipinda nyuma kama upinde, akakataa hata kusogezwa. Mama naye akaanza kulia. Mkunga mzee wa zamu akaja, hakunisema. Akamvua mtoto nguo, akamlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akawafunika kanga, akaondoka! Mimi nikabaki nimesimama. Baada ya muda mtoto akaanza kulamba ngumi, akajisogeza mwenyewe kutafuta. Tangu siku hiyo mkono wangu unakaa mabegani mwa mtoto, kisogo sikigusi.

Halafu yupo bibi. Atafika asubuhi na supu ya sato, uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, na kauli kwamba yale maziwa ya kwanza ya njano ni machafu, yakamuliwe yamwagwe. Usibishane naye mbele ya mkwewe. Msalimie vizuri, mwite mama, kisha mwombe mzazi akamulie matone kwenye kijiko cha chai. Mwonyeshe: hii ni dang'a, ina kinga, na siku ya kwanza tumbo la mtoto linachukua kama kijiko hicho tu kwa mara moja. Supu na uji anywe mzazi. Mtoto ni maziwa ya mama pekee mpaka miezi 6. Bibi akikuelewa, ndiye atakayesimamia jambo hilo kule Igoma au Buhongwa, usikofika wewe.

Matiti yakijaa yakawa magumu siku ya tatu au ya nne, akamue kidogo mpaka sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ilainike, ndipo mtoto aweze kukamata. Mama akipata homa na titi likawa jekundu, amwone daktari, ila kunyonyesha kusikome.

Kuhusu kushiba, uliza nepi. Kuanzia siku ya tano zilowe 6 au zaidi kwa saa 24. Na ukiambiwa "huyu mpole, analala tu," usifurahi. Mwamshe, mtazame macho kama yana manjano, mpime uzito, mwite daktari.