Ndege Isiyo na Namba za Viti, na Watoto Wawili Mkononi

Mara ya kwanza kupanda ndege ambayo pasi yake haina namba ya kiti, niliichukulia kama basi: ukiwahi unakaa, ukichelewa utajijua mwenyewe. Tukachelewa. Ndani zilibaki nafasi tatu, zote za katikati, kila moja safu yake. Binti yangu wa miaka 4 akaning'ang'ania gauni kwa mikono miwili, huku foleni nyuma yetu imeanza kuguna. Baba mmoja aliyekaa kiti cha njiani akanyanyuka bila kuombwa, akaenda kubanwa katikati. Namwombea dua mpaka leo, lakini sijasafiri tena nikitegemea atokee mwingine kama yeye.

Siku hizi kazi naimaliza nyumbani. Zamu ya kuingia mara nyingi hufuata nani aliwahi kuchekini, yaani kuthibitisha kwamba anasafiri, na kuchekini mtandaoni kwa kawaida hufunguliwa saa 24 kabla ya ndege kuruka. Naweka kengele ya simu dakika tano kabla ya hapo.

Uwanjani, usingoje kuingia ndani ndipo ulalamike. Mfanyakazi wa getini bado ana uwezo wa kukupanga. Mhudumu wa ndani anabaki kuwabembeleza abiria. Sikiliza pia wanapoita familia zenye watoto wadogo, na usiwaburute shangazi na binamu wazima kwenye zamu hiyo.

Ukishaingia, nyoosha hadi nyuma. Wengi wanagombea viti vya mbele ili washuke haraka, kwa hiyo safu za nyuma ndizo hujaa mwisho. Choo kiko karibu, na kwa mtoto aliyeacha nepi juzi hilo si jambo dogo. Safu ya mlango wa dharura isahau, watoto hawaruhusiwi. Na ukiwa umempakata mtoto mchanga, usishangae kuhamishwa: barakoa za oksijeni za ziada hazipo kila mahali, hivyo wachanga wawili mara nyingi hawakai upande mmoja wa safu moja.

Mkiwa wanne, msing'ang'anie mstari mmoja. Wawili mbele, wawili nyuma yao. Mtoto akipiga teke kiti, anampiga dada yake.

Ikibidi kubadilishana, toa kizuri uombe kibaya. Mwenye dirisha hawezi kukubali kuhamia katikati kwa sababu tu una mtoto. Mimi hukalia kwanza kiti cha njiani, kisha namgeukia aliyebanwa karibu na mwanangu: "Samahani kaka, chukua changu cha njiani, unipe hicho cha katikati nikae na mtoto." Sijakataliwa bado.

Utaratibu huu wenyewe unatoweka. Mashirika ya ndege ya Ulaya yameuacha, easyJet 2012 na Ryanair 2014, na Southwest ya Marekani, iliyojulikana kwa huo tangu 1971, ilianza kugawa viti Januari 27, 2026. Ila kwenye viti vya namba nako, kuchagua mara nyingi hulipiwa, kwa hiyo soma bei yote kabla ya kukata tiketi.

Kila mtoto avae begi lake, lenye maji yake na sweta lake. Tulitenganishwa mara moja tena, safu tatu, na chupa ya mdogo nilikuwa nayo mimi. Ilipita mikononi mwa watu wanne kwenda, ikarudi kwa njia ileile ikiwa tupu, na ujumbe kwamba anataka juisi.