Jifunze kwanza njia ya kurudi

Wahariri, wiki hii mmetuuliza: mtu anayekwenda peke yake kwa mara ya kwanza katika jiji la ugenini, ungemwambia nini? Mimi ningemwambia asinunue kitu wala asimfuate mtu mpaka awe ameijua kwa miguu yake njia ya kurudi anakolala.

Hilo nililipata Guangzhou, China, Oktoba 2018. Nauza pochi za kike Kariakoo, na kwa miaka sita nilikuwa naagiza kupitia watu. Mzigo ukifika nakuta rangi ambazo wateja wangu hawazitaki, zipu zinagoma, na bei niliyotajiwa sina pa kuihakiki. Dada yangu akaniambia, "Nenda mwenyewe." Mume wangu alikosa ruhusa kazini, nikapanda ndege peke yangu kupitia Addis Ababa. Kabla ya hapo safari yangu ndefu ilikuwa ya basi, Dar kwenda Mwanza.

Nilifikia Xiaobei, mtaa ambao wafanyabiashara wengi wa Kiafrika wanapanga vyumba. Ukiingia jengo la Tianxiu unasikia Kilingala, Kifaransa, na Kiswahili cha Dar, cha Nairobi na cha Lubumbashi. Sijakaa sawa, kijana mmoja akanisalimia, "Shikamoo mama, unatafuta mzigo gani?" Baada ya saa nyingi za kutoelewa neno hata moja, salamu ile ilinipoza moyo. Nikamfuata. Alinizungusha siku nzima kwenye masoko ya ngozi ya Sanyuanli, yeye anaongea Kichina na wauzaji, mimi nyuma na daftari langu. Kuna pochi nyeusi yenye mkanda wa mnyororo niliipenda sana. Akasema mwisho ni yuan 45. Nikaandika.

Jioni alikuwa na mgeni mwingine. Akanifikisha kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi, akaniambia ni vituo viwili tu. Ni kweli ni viwili, ila katikati unabadilisha: unapanda laini ya 2 hadi stesheni kuu ya reli, halafu unachukua laini ya 5 kituo kimoja. Mimi niliposhuka stesheni kuu nikaona umati unaelekea nje, nikaenda nao. Nikajikuta kwenye uwanja mpana, giza limeingia, watu na mabegi kila upande, mabango makubwa mekundu yenye maandishi ambayo sikujua hata yanaanzia wapi. Nikafungua ramani ya Google niliyoizoea, haikufunguka. WhatsApp nayo hivyo hivyo, maana kule zimefungwa. Nikasimama pale nimekumbatia mfuko wa sampuli, koo limekauka, nikawawaza wanangu.

Mkobani mlikuwa na kile kibahasha cha karatasi wanachotilia kadi ya mlango wa chumba. Kina jina la hoteli na anwani yake kwa Kichina. Nilimpa mlinzi mmoja pale. Akakisoma, akachomoa kalamu mfukoni, akaandika 5 kubwa nyuma yake, akachora mshale, kisha akaninyooshea kidole kimoja: kituo kimoja. Akanigeuza bega taratibu kuelekea ngazi nilikotokea. Dakika kumi baadaye nilikuwa Xiaobei.

Kesho yake sikwenda sokoni. Nilitoka hotelini hadi kituoni, nikahesabu kona, nikapiga picha ya herufi ya mlango wa kuingilia. Vituo vya kule vina milango mingi, A, B, C na kuendelea, na ukitokea mlango usio wako unaweza kujikuta ng'ambo ya barabara usiyoijua. Nikanunua ile sarafu ya plastiki wanayotumia kama tiketi, unaigusisha unapoingia, unaitumbukiza unapotoka. Nikaenda stesheni kuu nikarudi. Nikaenda tena hadi Sanyuanli nikarudi. Mara tatu, bila kununua hata kitambaa. Njaa ilipouma niliona juu ya mlango wa kimgahawa, katikati ya Kichina, neno lililoandikwa kwa herufi nilizofundishwa chuoni Tanga nikiwa na miaka saba: halali. Ndani mpishi alikuwa anavuta tambi kwa mikono, anazikunja, anazivuta tena mpaka zinakuwa nyembamba kama uzi. Nilikula bakuli zima, na ilikuwa mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani kumaliza chakula.

Siku ya tatu nikaenda sokoni peke yangu. Kule lugha ya biashara ni kalkuleta. Muuzaji, dada mmoja mwembamba, aliandika 45 akanisogezea. Nikafuta, nikaandika 25. Akacheka, akaandika 38. Tulipeana kile kidude mpaka kikasimama kwenye 32, pochi ile ile, mnyororo ule ule. Tofauti ya yuan 13 kwa kila pochi, kwa pochi 300, ni yuan 3,900, na mimi ndizo nilizolipia sehemu yangu ya kontena.

Yule kijana simchukii. Kutembeza wageni ndiyo kazi yake na anastahili kulipwa. Nilichoumia ni kwamba malipo yake yalifichwa ndani ya bei, na nisingejua kama nisingeweza kurudi dukani pale mwenyewe. Ndiyo maana nasema njia kwanza. Ukiijua, unaweza kumkubali mtu au kumkatalia, kwa sababu hata akikuacha hapo ulipo utafika.

Mdogo wangu anakwenda mwezi ujao, naye peke yake. Nimemwambia picha ya kwanza anitumie ya herufi ya mlango wa kituo chake. Za pochi zitafuata.