Jibu: Mtoto wa miezi 4 hana kinga, kaka yake anaweza kumchangia?

Pole sana dada. Umesema mwanao ana nimonia zisizokatika, utando mweupe mdomoni hauishi, na daktari ametaja upandikizaji wa seli shina, yaani seli mama zinazotengeneza damu na kinga. Unauliza kama kaka yake anaweza kumchangia.

Anaweza, wakilingana HLA, yaani alama za kurithi zilizo juu ya seli. Kwa ndugu wa baba na mama mmoja uwezekano ni 25%, kwa hiyo pimeni sasa, wazazi pia. Kwa mwanangu mimi, kaka hakulingana, akachangia baba, ambaye hulingana nusu. Zipo hospitali India zinazofanya upandikizaji huo wa nusu.

Ila kwanza shika majibu yake ya damu, tazama idadi ya limfosaiti, aina ya seli nyeupe za kinga. Chini ya 3,000 kwa maikrolita, kwa umri huo, usikubali kuambiwa "ni mafua tu". Chanjo hai, yaani matone ya polio na rota, zisimame mpaka daktari wa kinga aseme. BCG, chanjo ya kifua kikuu, alishachomwa, basi kagua bega na kwapa kila unapomwogesha: kidonda kikitoa usaha au tezi ikivimba, mpeleke siku hiyo hiyo. Akihitaji kuongezewa damu, dai iliyopigwa mionzi ya kuzima seli nyeupe za mchangiaji. Hili wengi hulisahau. Kuhusu kunyonyesha, muulize daktari habari za CMV, kirusi cha hatari kwa asiye na kinga, maana hupita kwenye maziwa.

Safari ya upandikizaji msiicheleweshe, dada. Wanaopandikizwa wachanga, kabla maambukizi hayajawakamata, ndio hupona zaidi.