Anza na Upekuzi wa Hati Kabla ya Kushika Fedha za Watu

Waafrika Mashariki wenzangu wanaoishi Marekani huniuliza mara kwa mara namna ya kuanzisha ofisi ya kukamilisha mauzo ya nyumba, yaani ofisi inayopekua rekodi za umiliki, kupokea fedha za mnunuzi na za benki yake, kulipa madeni ya muuzaji, kusimamia utiaji saini na kupeleka hati mpya kusajiliwa. Wengi wao huwa wameshapiga hesabu ya ada watakayotoza kwa kila nyumba ilhali hawajasoma faili hata moja. Huwashauri waanze na upekuzi, wakae nao miaka miwili hivi, ndipo wafikirie kushika fedha. Mimi nilianza kinyume chake, na nililipia.

Aliyezoea nchi ambako msajili wa ardhi hutoa hati inayotambuliwa na serikali kuwa uthibitisho wa umiliki hupata shida kuelewa mfumo wa Marekani. Katika sehemu kubwa ya nchi hiyo, ofisi ya kumbukumbu ya kaunti huipokea hati, huigonga muhuri wa tarehe na kuihifadhi, lakini haimhakikishii mtu yeyote kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Kazi ya kulibaini hilo huangukia mpekuzi. Mwaka 1868 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania, katika kesi ya Watson dhidi ya Muirhead, iliamua kwamba mtayarishaji wa hati aliyeziona hukumu za madeni kwenye rekodi, akazipuuza kwa kufuata maoni ya mwanasheria, hakuwajibika kwa hasara iliyompata mnunuzi. Kutokana na pengo hilo, mwaka 1876 kampuni ya kwanza ya bima ya hati miliki, yaani bima inayomlinda mnunuzi au benki yake kasoro za umiliki zikijitokeza, ilianzishwa Philadelphia. Bima hiyo hulipiwa mara moja tu, siku ya kukamilisha mauzo, na kwa sehemu kubwa hukinga dhidi ya kasoro zilizokwisha kuwapo kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo mpekuzi makini huizuia hasara kabla haijazaliwa, na ofisi yenye mpekuzi mzembe huuza ahadi ambayo kampuni ya bima itakuja kuitaka ofisi hiyo iitolee maelezo.

Rekodi nyingi hupangwa kwa majina ya waliotoa na waliopokea haki, wala si kwa anwani ya nyumba. Mpekuzi huanza na mmiliki wa sasa, akatafuta alipata nyumba kwa nani, kisha huyo naye alipata kwa nani, akirudi nyuma kwa miongo kadhaa. Halafu hugeuka na kushuka mbele, akikagua kila jina kwa kipindi ambacho mwenye jina hilo alimiliki, ili aone rehani, hukumu za mahakama, malimbikizo ya kodi, haki za majirani kupita na mirathi ambayo haikukamilishwa. Ugumu umo katika majina yenyewe. Mwanamke aliyekopa kwa jina la ukoo wake na kuuza kwa jina la mume huacha rekodi mahali pawili. Jina kama Mohamed laweza kuandikwa kwa namna nne katika kaunti moja, na kompyuta haitakuonea huruma. Kwa hili, sisi tuliokulia miongoni mwa majina hayo tuna faida ambayo hatuitumii vya kutosha.

Sasa nieleze kosa langu. Katika mwaka wangu wa kwanza nilikamilisha mauzo ya nyumba iliyokuwa na rehani mbili: moja ya kawaida, na nyingine ya mkopo wa wazi, ambao mwenye nyumba huchota fedha anapohitaji, akarudisha, akachota tena. Niliomba barua ya kiasi cha kumaliza madeni yote mawili, nikayalipa kikamilifu pamoja na riba ya siku za mwisho, nikaona kazi imekwisha. Nilichokisahau ni kwamba kulipa mkopo wa wazi hadi sifuri si kuufunga. Ilitakiwa muuzaji atie saini barua ya kuiagiza benki yake iufunge, na mimi niitume pamoja na malipo. Muuzaji aliendelea kuchota. Miezi kadhaa baadaye mnunuzi aliponiandikia, nyumba aliyoinunua ilikuwa bado imefungwa na deni la mtu mwingine, nalo lilikuwa likiongezeka. Ofisi yangu ililibeba deni hilo, kwa kuwa kosa lilikuwa letu. Mpekuzi mzoefu angesoma neno moja tu katika hati ya rehani, lile linaloonyesha kwamba mkopo ni wa wazi, akaandika onyo juu ya faili kabla halijanifikia.

Akaunti ya amana, ambamo ofisi hushika fedha za wateja hadi mauzo yakamilike, ni jambo jingine lisilo na mzaha. Fedha zilizomo si zako hata kwa saa moja. Kila mwezi lazima taarifa ya benki, daftari la ofisi na jumla ya salio la kila faili vilingane, vyote vitatu, na tofauti ya senti chache itafutwe hadi ipatikane, kwa sababu tofauti ndogo mara nyingi ni makosa mawili makubwa yaliyokaribia kufutana. Maelekezo ya kutuma fedha yakibadilishwa kwa baruapepe, mpigie mhusika kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, kamwe usitumie namba iliyomo katika barua hiyo. Matapeli huingia kwenye baruapepe za madalali na kusubiri kwa subira ya mvuvi.

Madalali hao hao watakuuliza utawapa nini wakikuletea wateja. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 kuhusu taratibu za kukamilisha mauzo ya nyumba inakataza kutoa au kupokea chochote chenye thamani kwa ajili ya kuletewa mteja mwenye mkopo wa nyumba unaoangukia chini ya sheria hiyo, na adhabu yake yaweza kufika faini ya dola 10,000 na kifungo cha mwaka mmoja. Kataa mapema na kwa upole, hata kama mwezi huo huna kazi.

Kwa wateja wa jamii zetu, uliza mapema iwapo muuzaji ni mgeni kwa mujibu wa sheria za kodi. Ikiwa ndivyo, kwa kawaida asilimia 15 ya bei ya mauzo huzuiwa na kupelekwa kwenye mamlaka ya kodi, isipokuwa kama upo msamaha, na muuzaji anayeligundua jambo hilo mbele ya meza ya kutia saini hataamini kwamba hukumficha.

Siku hizi, baada ya fedha kugawanywa na funguo kukabidhiwa, faili langu hubaki wazi kwenye kabati la pembeni. Kila wiki msaidizi wangu hupekua rekodi za kaunti akitafuta hati ya kufutwa kwa rehani ya zamani, na faili halihamishwi hapo mpaka namba ya usajili wa hati hiyo iandikwe juu ya jalada.